Tuktuk ya Nani Imeziba Mlango? Namna ya Kumaliza Ugomvi wa Paking Mtaani Malindi

Mtaa wetu ulijengwa zamani za baiskeli na mkokoteni. Leo karibu kila ua una tuktuk, bodaboda au gari la Probox linalotafuta pa kulala, na barabara haijaongezwa hata futi moja. Mimi asubuhi nauza mahamri na mbaazi barazani kwangu. Nina tuktuk moja ambayo kijana huiendesha kwa hesabu, yaani kila siku ananiletea kiasi tulichokubaliana, na juu ya hayo ni katibu wa nyumba kumi, kamati ya majirani ya usalama. Kwa hiyo nimeketi pande zote: ya aliyezibiwa, ya aliyeziba, na ya yule anayeandika majina kwenye daftari huku watu wanatukanana. Haya ndiyo ninayomwambia anayekuja kunigongea mlango na hasira zake.

Jambo lenyewe ni moja. Watu hugombania mahali, na mahali hapagawanyiki. Kinachogawanyika ni saa.

Jua unagombania nini hasa

Mtu akija kwangu kusema "jirani ananipakia mlangoni", humwuliza tena. Mlango gani, wa mbele au wa uani? Saa ngapi? Hutoki, au hupendi tu kuliona lile gari? Mara nyingi kilichomleta si paking. Yupo anayeudhiwa na tuktuk kupashwa moto alfajiri chini ya dirisha la mtoto mchanga. Yupo ambaye gurudumu la jirani limevunja kifuniko cha mtaro, na sasa maji machafu yanamwingilia. Wapo pia, na ni wengi, ambao hawakusalimiwa tangu jirani ahamie, na gari ndilo lililopatikana la kusingizia.

Kila shida ina dawa yake. Kelele za alfajiri zinamalizwa kwa kuisukuma tuktuk mpaka kwenye njia kubwa ndipo iwashwe, maana ni chombo chepesi, vijana wawili wanatosha. Mtaro ni fundi na mfuko wa saruji. Ukienda kudai "paking" wakati unachotaka ni usingizi, utapewa paking na usingizi utaukosa.

Halafu kuna kivuli. Mgeni hawezi kujua jinsi kivuli kinavyogombaniwa hapa. Gari lililoachwa juani Malindi mchana, usukani haushikiki, na kiti cha tuktuk kinamchoma abiria mapajani. Mwarobaini mmoja mtaani una wagombea wengi kuliko kiti cha udiwani. Lakini kivuli kinahama: asubuhi kinalala upande wa magharibi wa mti, alasiri upande wa mashariki. Madereva wawili waliokuwa hawasemezani kwetu sasa wanatumia mti ule ule, mmoja anarudi kunywa chai saa nne na kupaki upande huu, mwingine anapumzika baada ya adhuhuri upande ule. Kama mti wenu ni mnazi, acheni ugomvi kabisa. Anayetaka kupaki chini ya mnazi mwachieni, nazi itazungumza naye.

"Mbele ya nyumba yangu" si yako

Hili linauma, lakini liseme mapema. Barabara ya mtaa ni ya umma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia serikali za kaunti barabara za kaunti pamoja na mambo ya trafiki na maegesho. Kwetu ni Kaunti ya Kilifi. Hakuna mwenye nyumba anayemiliki kipande cha njia kwa sababu tu dirisha lake linakitazama.

Na sisi wa pwani tuna la ziada. Nyumba nyingi za Malindi zimejengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine: nyumba ni yako, ardhi unailipia kodi. Sasa mtu asiyemiliki hata udongo ulio chini ya kitanda chake anapoweka mawe barabarani na kusema "hapa ni kwangu", hasira zake nazielewa, hoja yake siielewi. Anayedhani kiwanja chake kinatoka nje ya ukuta aangalie bikoni, yale mawe ya mipaka, ziko wapi na ramani inasemaje, kabla hajamwaga kokoto.

Lakini pia aliyepaki asijione mfalme. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinakataza kuacha gari mahali ambapo linaweza kuwazuia, kuwasumbua au kuwahatarisha wengine wanaotumia barabara, na kinataka gari lililosimama liwekwe pembeni kabisa kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo maneno mawili yasemwe pamoja: njia si yako wewe mwenye nyumba, na wewe mwenye gari huna ruhusa ya kuiziba. Nikiyasema yote mawili kikaoni, pande zote hununa sawasawa, ndipo mazungumzo huanza.

Pimeni

Chukueni futi ya fundi, msikadirie kwa macho. Macho ya mwenye gari huona njia pana, ya jirani huona kichochoro. Tuktuk ya kawaida ya Bajaj ina upana wa karibu mita 1.3 na urefu wa kama mita 2.6. Probox ina upana wa karibu mita 1.7 na urefu wa mita 4.2. Boza la maji, kama lori lolote, linataka mita 2.5 za upana wake peke yake, bado vioo vya pembeni na nafasi ya kukata kona.

Pimeni njia kutoka ukuta hadi ukuta, mtoe baraza, mtoe mtaro, mtoe nguzo ya stima. Kinachobaki ndicho mnachogawana. Kwetu hesabu ilionyesha kwamba gari likikaa upande mmoja tu wa njia, boza linapita. Yakikaa pande zote mbili, halipiti. Mabishano ya muda mrefu yaliishia hapo, kwa sababu maji ya mfereji hukatika na hakuna nyumba isiyongojea boza. Bodaboda msizisahau. Zinaonekana ndogo, lakini nne zikipakiwa ovyo kwenye kona zinafunga mtaa mzima.

Andikeni siku ya barabara

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kaa na daftari uandike nani anaitaka njia, saa ngapi, kwa muda gani. Usiandike majina ya watu kwanza, andika shughuli. Mtaani kwangu ilikwenda hivi.

Kabla ya adhana ya alfajiri, tuktuk bado zimelala na hakuna anayetaka kupita isipokuwa waendao msikitini kwa miguu. Baada ya swala zinaanza kutoka, kwa sababu abiria wa sokoni na wa magari ya Mombasa hutoka mapema. Saa kumi na mbili, meza yangu ya mahamri iko nje na wateja wamesimama. Hapo gari likiwa mbele ya baraza langu, biashara imekufa. Kufikia saa mbili nimefunga. Kuanzia hapo nafasi ile ni tupu, na mimi siitaki mpaka kesho. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiilinda mchana kutwa kwa ndoo mbili, na hakuna aliyewahi kuniuliza ninaihitaji saa ngapi.

Saa moja hadi saa mbili gari la shule linapita, na linataka kona iwe wazi. Mchana mtaa hulala. Wanaotaka nafasi ni wenye magari waliorudi kula na wenye kukimbilia kivuli. Alasiri wazee hutoka barazani, muuza kahawa anapita, watoto wanacheza mpira, na gari likiingia kwa kasi wakati huo ni balaa kubwa kuliko lililopaki vibaya. Baada ya isha magari yote yanarudi kulala kwa mpigo. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa, maana kila mtu amechoka na kuna giza.

Ukishaiandika siku nzima namna hii utaona kitu cha ajabu: saa ambazo watu wawili wanataka pahali pamoja kwa wakati mmoja ni chache mno. Kwetu zilikuwa usiku, na ile saa ya mahamri. Zilizobaki zote zilikuwa ugomvi wa bure. Basi mkazungumzie hizo chache, msiburute mengine.

Za usiku tulizigawa hivi: anayetoka wa kwanza ndiye anayepaki wa nje, anayechelewa kutoka anaingia ndani. Jambo dogo, lakini bila hilo dereva wa tuktuk anagonga milango ya watu alfajiri akitafuta mwenye Probox. Jirani mmoja anayefanya kazi hotelini zamu ya usiku alipewa nafasi ya mbali zaidi kwa sababu gari lake usiku halipo; linakuja kukaa mchana, wakati nafasi tupu ziko tele. Na tuktuk mbili ambazo hazikupata pa kulala zilihamia kwenye ua wenye mlinzi karibu na barabara kubwa, kwa malipo ya mwezi. Mwenye tuktuk mmoja alilalamika kwamba ni gharama. Ni gharama kweli, lakini turubai likichanwa usiku au betri ikiibiwa utalipa zaidi.

Kumwendea jirani

Usiende na hasira zako mbichi, wala usiende usiku. Wakati mzuri ni baada ya alasiri, kabla ya magharibi, mtu amepumzika. Mwezi wa Ramadhani usimguse mtu saa ile ya kungojea futari, hata kama gari lake limekaa juu ya mguu wako. Subiri ale.

Usimzungumzie barazani mbele ya wenzake. Mwanamume aliyeambiwa mbele ya watu hawezi tena kukubali hata akitaka. Nenda kwake, piga hodi, salimu mpaka salamu ziishe. Watu wa bara wanaotuhamia huona salamu zetu ni kupoteza wakati. Kwa jambo hili nusu ya kazi imo humo.

Kama ni mzee kwako, yawe hivi:

"Hodi hapa."

"Hodi, karibu."

"Starehe, ami. Masalkheri."

"Masalkheri, mwanangu. Kwema?"

"Kwema, alhamdulillahi. Ami, nimekuja na haja. Mamangu pale ndani ni mgonjwa, na usiku akizidiwa nataka tuktuk ifike mlangoni. Jana gari lilikuwa sawasawa na mlango, nikawa na wasiwasi. Nimeona nije tuangalie namna."

Ona kilichomo. Hakuna "wewe kila siku". Hakuna "gari lako", ni "gari" tu. Kuna sababu, kuna saa, na kuna "tuangalie", ambayo inampa mzee nafasi ya kutoa shauri lake mwenyewe. Akishatoa shauri yeye, atalilinda. Ukimpelekea shauri lililoiva, atalitafutia kasoro.

Kama ni kijana, dereva wa hesabu, usimmalizie yeye hasira. Hana uamuzi wa wapi chombo kilale. Mwenye uamuzi ni tajiri wake. Mwambie, "Mwanangu, nipe namba ya mwenye tuktuk nizungumze naye, wewe usiingie kwenye maneno." Atakupa kwa furaha. Na kama mwenye gari ni mpangaji wa juzi, mpigie mwenye nyumba au msimamizi kwanza umsalimu, kisha mwende pamoja. Desemba, nyumba za kukodisha zinapojaa wageni wa Nairobi na magari yao makubwa, mimi huzungumza na msimamizi kabla mgeni hajafika: gari lisimame wapi, funguo abaki nazo nani. Mgeni mwenyewe hana kosa. Hajui kwamba hapo aliposimama ndipo boza hukata kona.

Mkishaelewana, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: nafasi ipi, ya nani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na namba ya simu ya kila mwenye gari. Kila gari liwe na namba hiyo kwenye kioo cha mbele, kwa herufi za kusomeka usiku. Wako wanaopendekeza tuktuk iachwe bila kufungwa usukani ili jirani aisukume mwenyewe. Mimi siafiki, ikiibiwa utakuwa na ugomvi wa pili mkubwa kuliko wa kwanza. Namba ya simu inatosha, ila mwenye namba asizime simu.

Siku zisizofuata utaratibu

Ijumaa mchana karibu na msikiti hakuna nafasi ya mtu. Waumini wanapaki popote kwa muda mfupi, na anayetaka gari lake litoke wakati wa swala alitoe kabla ya adhana. Msimamisheni kijana mmoja tu wa kuhakikisha njia ya kupitisha mgonjwa haifungwi.

Harusi inafunga njia kwa turubai na viti. Mwenye harusi aende nyumba kwa nyumba siku chache kabla, aseme njia inafungwa saa ngapi na inafunguliwa saa ngapi, na magari yatalala wapi usiku huo. Anayepeleka habari pamoja na kadi ya mwaliko hapati upinzani. Msiba hauna taarifa, na hauombi ruhusa. Kila gari linaondolewa, na atakayeuliza kwa nini atakuwa amejitambulisha ni mtu wa namna gani.

Usifanye haya

Usitoe upepo kwenye gurudumu, usikwaruze rangi, usichane turubai la tuktuk. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinaita hilo kosa la kuharibu mali kwa makusudi, na kifungo chake kinafika miaka mitano. Ulikuwa mwenye haki jioni, asubuhi wewe ndiye mshtakiwa. Usifunge gurudumu la mtu kwa mnyororo. Wewe si kaunti. Mawe, matairi na madumu ya kushikia nafasi yaondoe, maana nayo yanazuia njia, na usiku mwenye pikipiki atayapanda.

Na lile kundi la WhatsApp la mtaa, liache. Picha ya gari la mtu ikishawekwa pale pamoja na vikaragosi vya hasira, mambo yaliyokuwa ya nyumba mbili yanakuwa ya ukoo mzima, hadi shangazi aliye Ughaibuni anachangia. Piga picha, ndiyo, yenye tarehe na saa, uiweke kwako.

Ikishindikana

Nenda kwa nyumba kumi au mzee wa mtaa. Utaratibu wa nyumba kumi serikali iliuleta mwaka 2013 kwa ajili ya usalama, lakini kazi yake nyingi tunayoiona sisi ni maji, mbwa na magari. Kikao kizuri kina watu wachache: pande mbili, mzee mmoja anayeheshimiwa na wote, na mwandishi. Imamu wa mtaa anafaa sana kama mpatanishi. Usichanganye na Kadhi. Mahakama yake inahukumu ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kwa Waislamu, haihusiki na Probox.

Kutoka hapo ni naibu wa chifu, kisha chifu. Wataita kikao na kuandika makubaliano. Wasikutoze faini, si mahakama. Msiudharau upatanishi huu mkidhani ni wa kienyeji tu. Katiba yenyewe, ibara ya 159, inazitaka mahakama kuhimiza usuluhishi wa njia nyingine, pamoja na wa jadi.

Gari likiwa limefunga njia kabisa, na mwenyewe hapatikani au hataki, hapo ni polisi wa trafiki au askari wa kaunti. Nenda na picha zako, namba ya gari, na orodha ya siku. Na kama umeharibiwa mali na mnabishania malipo, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja bila kukulazimu kuweka wakili. Beba risiti ya fundi. Maneno matupu hayalipwi.

Ile karatasi ya makubaliano isomwe upya kila mtu anapohamia au kununua chombo. Mpangaji mpya akija, mpelekee nakala siku ile ile lori linaposhusha vyombo vyake, kwa sababu hapo atakuuliza mwenyewe gari lake lilale wapi.